Je, Jicho Latosha Kuwa Mizani?

Mtu akiulizwa ni dhambi gani ihusuyo mizani, atajibu mara moja kwamba ni ile ya muuzaji anayepunja. Jibu hilo ni sahihi, na Kurani Tukufu inayo sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la watu wa namna hiyo: Al-Mutaffifin, yaani wapunjao. Lakini tabia inayolaumiwa mwanzoni mwa sura hiyo ina pande mbili, nasi aghalabu huukumbuka upande mmoja tu. Mtu huyo anapopokea kwa wenzake hudai kipimo kitimie, na anapowapimia wao hupunguza. Uovu wake hauko katika kibaba kidogo peke yake. Uko katika kuwa na vibaba viwili, na kujua ni saa gani autumie huu na saa gani autumie ule.

Katika makala hii ningependa tulichungulie swali ambalo huenda likaonekana dogo, hata la kuchekesha. Je, mtu aweza kuwa mpunjaji akiwa peke yake mbele ya sahani yake? Mtu ameagizwa apunguze chakula kwa ajili ya afya. Anasema amepunguza, na mwili wake unakataa kushuhudia pamoja naye. Je, huyu ni mwongo, au amekosea hesabu tu? Na ikiwa amekosea hesabu tu, dini na maadili yana shughuli gani naye?

Tuchukue mfano. Katika Isevya, kata mojawapo ya mji wa Tabora, tuseme yupo mzee mstaafu aliyeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa kisukari na kwamba imempasa apunguze uzito. Mzee huyu ni wa kubuni, ila sidhani kama yuko msomaji asiye na jirani wa namna yake. Ni mtu mkweli, wala hajulikani kwa dhuluma. Daktari akimwuliza anakula kiasi gani, hujibu bila kusita kwamba siku hizi anakula kidogo sana. Na kweli amepunguza, kwani zamani alikuwa akirudia sahani ya pili na sasa harudii. Lakini hiyo moja aliyobaki nayo imeinuka katikati kama kichuguu. Ugali wake hupimwa kwa mwiko, na mwiko hauna alama. Mafuta ya kukaangia mgebuka humiminwa moja kwa moja kutoka dumuni. Asali ya misitu ya Tabora ameiweka katika chai mahali pa sukari, kwa hoja kwamba asali ni dawa. Mazungumzo ya alasiri barazani huenda pamoja na karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Navyo havihesabiwi kuwa chakula, maana havikupakuliwa. Miezi mitatu yapita, mizani ya zahanati haijashuka, naye ahitimisha kwamba mwili wake una tabia ya peke yake, au kwamba mizani ile ni mbovu.

Ajabu ni kwamba mzee wetu anaishi katika mji uliojua vipimo tangu kale. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapo Tabora, mwezi wa Novemba 1857, walikuta njia panda ya misafara: njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, moja ikienda Ujiji, nyingine ikielekea kaskazini kwenye nchi za Karagwe na Buganda. Wapagazi, na hasa Wanyamwezi waliosifika kwa kazi hiyo, walibeba mzigo wa ratili 60 hadi 70, yaani kilo 30 hivi, na posho ya mtu mmoja kwa siku moja ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Vibaba viwili ni kisaga, na vinne ni pishi. Kibaba chenyewe kilikaribia ratili moja na nusu, sawa na gramu 680 hivi. Na Kiswahili, kwa kuwa ni lugha ya watu waliouziana na kugawiana, kilipambanua kibaba cha tele na kibaba cha mfuto: cha kwanza kimejazwa hata kikainuka kilele, cha pili kimesawazishwa kwa kupitisha mkono juu ya ukingo. Si vigumu kufahamu kwa nini maneno mawili yalihitajika. Mtu aliyetembea tangu alfajiri na mzigo begani aliutazama mkono wa mgawaji wa posho kwa makini kuliko sisi tunavyotazama karani wa benki.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Gramu 680 za mtama zina nguvu ya kalori 2,300 hivi. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya chakula cha mtu aliyechukua kilo 30 kutoka kambi hadi kambi. Mzee wetu aliyeketi barazani, kwa sahani yake moja, karanga zake na asali yake, aweza kuupita ukomo huo kabla ya chakula cha jioni, naye anasema kwa moyo mweupe kwamba anakula kidogo.

Hata leo wakulima na wachuuzi wa nchi hii wanalalamikia lumbesa, yaani gunia lililoshindiliwa na kuongezewa kilemba juu, ambalo mnunuzi hulichukua kwa bei ya gunia moja. Sheria inakataza kufungasha mazao kupita kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, imekuwa ikiwahimiza watu waache madebe na makopo, watumie mizani. Kila mtu huiona lumbesa ya sokoni na kuita kuwa ni dhuluma. Ile ya sahanini haina wa kuishtaki, kwa kuwa mnunuzi na muuzaji ni mtu mmoja.

Yafaa kwanza tulitendee haki jicho. Kazi ya kukadiria ujazo ni ngumu kwa maumbile, na wala mtu asilaumiwe kwa ugumu huo. Chukua donge la ugali lenye upana wa sentimita 8. Lifanye liwe na upana wa sentimita 10. Jicho litakuambia kwamba limeongezeka kidogo tu, kiasi cha robo. Kwa kweli limekaribia kuwa mara mbili, kwa maana donge halikui kwa upana tu, lakua pia kwa urefu na kwa kimo, na robo tatu zikizidishana huleta matokeo hayo. Mwaka 1865 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Joseph Delboeuf, alieleza kwamba duara likizungukwa na duara jingine kubwa zaidi huonekana dogo kuliko lilivyo. Wengi wamesema kwamba ndivyo ilivyo kwa chakula katika sahani pana. Huenda ikawa hivyo, ila nasita kuliendeleza jambo hili mbali, kwa kuwa mmoja wa wanachuoni waliovuma sana kwa utafiti wa sahani na vijiko, Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, mwaka 2018 alikutwa na chuo chake kuwa amekiuka maadili ya utafiti, na maandishi yake kadhaa yakaondolewa na majarida yaliyoyachapisha. Mpima sahani za watu hakuwa amepima vema hesabu zake mwenyewe!

Tena kuna udanganyifu usiotokana na jicho bali na maji. Gramu 100 za mchele mkavu zikiiva huwa gramu 250 au hata 300 za wali, na nguvu yake ni ileile. Kwa hiyo mtu apimaye wali na kuusoma katika orodha ya mchele, au apimaye mchele na kuusoma katika orodha ya wali, amekosea zaidi ya mara mbili ijapokuwa mizani yake ni nzima. Michembe ni kinyume chake: kiazi kimenyang'anywa maji, na kiganja kimoja chepesi kimebeba viazi ambavyo, vingekuwa vibichi, vingemjaza mtu. Mafuta nayo hayana umbo la kuogopwa. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 14 na kalori 120, na hivyo vijiko vitatu vyalingana na gramu 100 za unga mkavu wa mahindi. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tulifundishwa methali hiyo kwa ajili ya kuweka akiba, tukasahau kwamba yafanya kazi pia dumuni. Ama asali, kijiko chake ni kizito kuliko kijiko cha sukari na kina kalori 60 na zaidi, hali cha sukari kina 50 hivi. Sifa nyingine za asali sizikanushi. Lakini mgonjwa wa kisukari anayeimimina bila kuhesabu ametoka mlango mmoja na kuingia mwingine wa nyumba ileile.

Hadi hapa mzee wetu hana hatia. Ametumia jicho, na jicho ni chombo dhaifu. Lakini hebu tuendelee, maana hapa ndipo swali la maadili linapoanza.

Mwaka 1992 madaktari wa New York walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine uchunguzi juu ya watu waliolalamika kwamba hawapungui ijapokuwa wanakula kidogo mno. Walikuwa watu 10. Waliandika kila walichokula na kila kazi waliyofanya, na wakati huohuo nguvu iliyotumika miilini mwao ilipimwa kwa njia isiyotegemea maneno yao, yaani kwa kunywa maji yenye alama maalumu ambayo hufuatiliwa katika mkojo. Ilionekana kwamba miili yao haikuwa na ajabu yo yote. Walikuwa wamekitaja chakula chao kwa upungufu wa asilimia 47 kwa wastani, na kazi za miili yao wakazizidisha kwa asilimia 51.

Tafadhali, msomaji, uzitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Watu hao hawakuwa waongo kwa maana ya kawaida. Walikuja wenyewe kutafuta msaada na walidhani wanasema kweli. Lakini kama tatizo lao lingekuwa jicho dhaifu tu, makosa yao yangekwenda huku na huku. Mtu anayekadiria umbali kwa macho leo hutaja zaidi, kesho hutaja pungufu, na akikadiria mara nyingi makosa hukaribia kufutana. Makosa ya watu hawa hayakufutana. Walichopokea kilipungua katika hesabu, na walichotoa kikaongezeka. Hivyo ndivyo ilivyo tabia ya vibaba viwili tuliyoitaja mwanzoni, nayo imefanya kazi ndani ya mtu asiyejua kwamba anavyo.

Kosa lenye kuegemea upande mmoja kila siku lina mwenye kuliegemeza. Mwenye kuliegemeza ni nafsi, inayotaka kula na inataka pia kuhesabiwa kuwa haikula. Na ili tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa wanene peke yao, wapo watu, na hasa vijana, ambao nafsi zao zimeshikwa na hofu ya unene hata wakajiona wazito hali wamekonda mifupa. Kwao kosa huegemea upande wa pili: tonge moja laonekana kuwa mlima. Mkono juu ya mizani ni uleule, na kinachobadilika ni kile unachokitaka.

Je, basi, ni hatia? Tuangalie dukani. Muuza duka ambaye mizani yake imeharibika pasipo yeye kujua hawezi kuitwa mwizi, hata kama amewapunja watu mwaka mzima. Mkaguzi akija akamwonyesha, hali yake hubadilika siku ileile. Akiendelea kuitumia kwa kusema kwamba yeye ni mtu mwaminifu na nia yake ni safi, hatutasikiliza habari za nia yake, maana nia safi ingemtuma kwa fundi. Kadhalika mzee wetu. Kabla hajaambiwa, alikuwa amekosea. Akiisha kuambiwa kwamba jicho lake huegemea, na kwamba dawa yake ni kopo na mizani ndogo, kisha akaendelea kuapa kwa jicho, amechagua kutojua. Huo si uongo kamili, lakini si ukweli pia. Mtu aweza kuishi humo miaka mingi kwa raha, kwa sababu hakuna siku atakayolazimika kutamka neno la uongo kwa ulimi wake.

Hapa sina budi kuweka mpaka, kwa kuwa najua maneno haya yaweza kuchukuliwa na kutumiwa vibaya. Unene si ushahidi wa ulafi. Kuna maradhi, kuna dawa za hospitali, kuna urithi wa damu, na miili miwili iliyokula sawasawa yaweza kutofautiana. Mizani ninayoizungumzia imo mkononi mwa mtu mwenyewe kwa ajili ya sahani yake mwenyewe. Mwenye kuinyosha shingo ili apime sahani ya jirani, naye ameanza kutumia kibaba cha pili.

Wengine watauliza, na wana haki ya kuuliza: yafaaje kusema habari za kupunguza chakula katika nchi ambayo wako watu wanaolala na njaa? Ukweli ni kwamba mambo haya mawili yamo katika mtaa mmoja. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kwamba miongoni mwa Watanzania wa umri wa miaka 25 hadi 64 karibu mmoja katika wanne alikuwa na uzito uliozidi kiasi, na karibu 9 katika kila 100 walikuwa na sukari nyingi katika damu. Kwa hiyo hayo si maneno ya Ulaya yaliyopotea njia. Tena swali la mwenye njaa latusaidia kuliona jambo lenyewe vizuri zaidi. Fikiri juu ya zaka ya fitri. Mwisho wa Ramadhani, kwa kila kichwa cha nyumbani, mkubwa kwa mdogo, hutolewa kipimo kimoja cha chakula kwa ajili ya maskini, kiitwacho kwa Kiarabu swaa, nacho ni mudi nne. Na mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa kadiri vilivyounganishwa. Katika mafundisho ya Kiswahili kimezoeleka kutajwa kwa pishi yenye vibaba vinne. Hapo hatutumii jicho. Tunauliza masheikh ni kilo ngapi hasa, tunahesabu vichwa, tunasawazisha kibaba kwa kiganja ili kisipungue wala kisizidi. Ni vema. Lakini yawaje kwamba tunapotoa twaona haja ya kipimo, na tunapojipakulia twaona jicho latosha? Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo kwamba tunajua kupima, na kwamba twachagua mahali pa kupima.

Wewe uliyeingia katika Uislamu hivi karibuni, au ambaye ungali unachunguza, huenda ukakutana na hadithi mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zapingana. Ya kwanza imo katika Bukhari, imepokewa na Miqdam bin Ma'dikarib r.a., kwamba Mtume s.a.w. aliagiza chakula kipimwe, na akatoa habari kwamba kupima huko kuna baraka. (Ni Miqdam huyohuyo aliyepokea katika Tirmidhi ile itajayo kuligawa tumbo mafungu matatu, moja la chakula, moja la maji na moja la pumzi.) Ya pili ni ya Hadhrat Aisha r.a., ambaye alisimulia kwamba Mtume s.a.w. alipofariki palikuwa na shayiri kidogo tu nyumbani mwake, akaila muda mrefu, na siku alipoipima ikaisha. Mpinzani husema: huyu aambiwa kupima ni baraka, na huyu alipopima baraka ikaondoka, mseme lipi ni lipi?

Wanavyuoni wa zamani walilijibu jambo hili kwa kupambanua kupima na kupima. Kinachotoka ghalani, kinachonunuliwa na kinachogawiwa, kipimwe, ili haki ya kila mmoja ijulikane. Kilichobaki ghalani kisihesabiwe kwa hofu na uchoyo, kama kwamba Mwenye kuruzuku amehama. Nionavyo mimi, upambanuzi huo wafaa pia kwa mtu anayepunguza uzito, ambaye mara nyingi hupima kinyumenyume. Hapimi unga unaoingia sufuriani, lakini huhesabu kila siku kilichobaki katika mwili wake, akipanda juu ya mizani asubuhi na jioni, akifurahi kwa nusu kilo na kulia kwa nusu kilo, ilhali nusu kilo hiyo huenda ni maji aliyokunywa. Kupima kwa namna hiyo hakuna baraka, na nimeona kwamba humfanya mtu awe mkali kwa watoto wake. Santorio wa Padua, tabibu wa Italia aliyechapisha kitabu chake mwaka 1614, alijitengenezea kiti kilichoning'inia katika mizani, na yasemekana kwa muda wa miaka 30 hivi alijipima yeye, chakula chake na vyote vilivyomtoka. Lakini alikuwa akitafuta kujua jinsi mwili unavyopoteza uzito pasipo kuonekana, na alilipata jibu lenye faida kwa watu wote. Mtu asiyetafuta elimu hiyo hana haja ya kiti chake.

Basi kipimo kiwekwe wapi? Hapa ndipo penye tabu ya kweli kwa watu wetu, kwa sababu sisi hatuli kila mtu na sahani yake nyakati zote. Twala katika sinia. Mtu akileta mizani penye sinia atachekwa, ataambiwa ameanza uzungu, na vibaya zaidi, atakuwa ameivunja heshima ya meza ambayo uzuri wake wote ni kwamba hakuna ajuaye nani amekula zaidi. Pia mama mwenye nyumba akisema, "Baba, ongeza kidogo," hasemi habari za kalori. Anasema kwamba anakupenda. Kumjibu kwa gramu ni ukosefu wa adabu. Nami siwezi kukubali kwamba afya ya mmoja inunuliwe kwa kuwavunjia wengine udugu, wala sikubali kwamba udugu wapaswa kumwua mgonjwa wa kisukari.

Mahali pazuri ni mlangoni mwa jiko, kabla ya maji kuchemka. Bibi zetu hawakupika kwa jicho. Kibaba kilikaa ndani ya debe la unga, nao walihesabu vichwa vya walaji kisha wakahesabu vibaba. Kupima kule hakukumwaibisha mtu, maana kulikwisha kabla ya sinia kutandikwa, na waliokaa kulizunguka walikula kwa furaha kile kilichopimwa. Mzee wetu wa Isevya hahitaji kubishana na mtu barazani. Amwombe mkewe kopo moja liteuliwe, lijazwe unga kwa mfuto, lipelekwe mara moja kwenye mizani ya dukani, na gramu zake ziandikwe ubavuni kwa wino. Mafuta yapimwe kwa kijiko hata wiki mbili zipite na mkono uzoee. Karanga ziwekwe katika kikombe cha kahawa, naye ale kilichomo humo, sio kutoka mfukoni. Daktari atakapomwuliza tena anakula kiasi gani, atataja makopo na vijiko, na hapo daktari ataweza kumsaidia. Kwa maana tiba ya sukari, na hasa kwa watumiao vidonge au sindano, hupangwa kwa kufuata chakula, na chakula kilichotajwa pungufu humletea mgonjwa dawa isiyolingana na hali yake.

Na mgeni akipiga hodi jua linapotua, wakati kopo limekwisha kupimwa? Aongezewe lake kamili sufuriani, la tele, maji yakiwa bado hayajachemka. Hilo ni la mgeni, wala halihesabiwi kwa mtu mwingine ye yote.